Ukishapokea arubuni ya harusi ya mtu, hiyo kamera ni biashara

Lenzi_ya_Donholm (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari za jioni. Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Dada, mimi napiga picha wikendi tu, nina kazi yangu ya ofisi. Nitajuaje wakati umefika wa kuifanya biashara rasmi?" Leo nimeamua kulijibu mahali pamoja, na mnaojua zaidi yangu muongeze.

Wengi wanangojea kamera kubwa, au wafuasi elfu kumi Instagram, au mwezi ambao pesa ya picha itapita mshahara. Mimi naangalia kitu kimoja tu. Siku mtu anapokutumia arubuni ili umshikie tarehe yake, umeshaingia biashara, hata kama kamera yenyewe umeazima. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya Jumamosi hairudiwi Jumamosi inayofuata. Mhitimu hatavaa joho upya kwa sababu betri yako iliisha. Umechukua pesa ya mtu juu ya jambo linalotokea mara moja, na kuanzia hapo unawajibika, uwe umesajiliwa au hujasajiliwa.

Kabla ya hapo, kama unapiga ndege Karura au machweo pale Ngong kwa raha zako, endelea na raha zako. Mtu asikuharakishe.

Sasa ukishapokea hiyo arubuni, watu hukimbilia kutafuta jina na kuchora nembo. Mimi ningeanza na pesa. Laini yako ya M-Pesa ina pesa ya unga, ya chama, ya kodi ya nyumba, na humo humo kuna arubuni ya bibi harusi. Mwezi ukiisha hakuna anayeweza kukuambia kama picha zinakulisha au wewe ndiye unayezilisha. Chukua till au Pochi la Biashara, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, pesa ya picha iingie huko peke yake, na ujilipe kutoka huko.

Halafu kaa chini upige hesabu ya kazi moja. Tuchukue harusi ya Limuru uliyokubali kwa 40,000. Mpiga picha wa pili 8,000. Gari kwenda na kurudi na vifaa 3,500. Kukodisha taa 3,000. Albamu ya kuchapisha 9,000. Zimebaki 16,500. Siku yenyewe umesimama saa 12, kuanzia bibi harusi anaposukwa hadi keki. Kuchagua na kuhariri kumekula saa 25. Jumla saa 37, na kila saa imekuletea chini ya shilingi 450.

Bado hujaihesabu kamera yenyewe. Canon 5D Mark III, ambayo imejaa mitaani humu zikiwa za mtumba, shata yake, kile kipazia kinachofunguka kila unapobonyeza, ilikadiriwa na watengenezaji kufikisha picha 150,000 hivi. Ukipiga 3,000 kwa harusi moja, hizo ni harusi 50. Kila harusi inakula sehemu ya hamsini ya uhai wa shata, na mwenye kuilipia ni wewe au mteja. Anayefanya kwa mapenzi tu anaweza kuilipia mwenyewe. Mwenye biashara anaiweka ndani ya bei, na haoni haya.

Mkataba ndio nauona muhimu kuliko karatasi nyingine yoyote, hata cheti cha usajili, na nina sababu ya kisheria. Wapiga picha wengi Nairobi wanaamini kwamba aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Sheria yetu ya Hakimiliki, kifungu cha 31, inasema hakimiliki huanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Harusi ni kazi ya kuagizwa. Picha za bidhaa za duka la nguo Eastleigh ni kazi ya kuagizwa. Msipoandikiana, ukiziweka kwenye ukurasa wako umetumia mali ya mtu mwingine, na yeye akiiuzia kampuni ya matangazo huna la kudai. Ukurasa mmoja wa makubaliano unabadilisha hali hiyo yote.

Yangu yana mambo machache kwa lugha ya kawaida: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, idadi ya picha zilizohaririwa, siku zitakapokuwa tayari, arubuni ni kiasi gani na inarudishwa au hairudishwi, mteja akiahirisha kwa sababu ya msiba inakuwaje, mimi nikiugua nani anakuja, hakimiliki inabaki kwa nani, na picha zipi naruhusiwa kuonyesha watu. Wanasaini wote wawili, bwana na bibi. Nasisitiza wote wawili.

Usajili wenyewe ndio mwepesi kuliko yote. Jina la biashara unalisajili eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS, ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na majina ya kuchagua. Jueni tu kwamba jina la biashara halikutenganishi na madeni yake. Ukishtakiwa, unashtakiwa wewe na mali yako. Kampuni yenye dhima ya kikomo ndiyo inayosimama kivyake, ila ina gharama na ritani zake, yaani taarifa za kuwasilisha, za kila mwaka. Kwa mtu wa wikendi, jina la biashara linatosha kuanzia.

Karibuni.

---

Kijana_wa_Roysambu

Dada, nimesoma yote na nakushukuru. Ila mimi bado sijaona faida. Naingiza kama elfu 15 kwa mwezi, mwezi mwingine hakuna kitu. Mbele yangu kuna harusi ya Desemba tu, nimeshapokea depo, yaani arubuni. Nikisajili si nimejianika kwa KRA? Kwa sasa hakuna anayenijua.

---

Daftari_Safi

Kijana, mimi ni mhasibu, nijibu hilo.

Usajili hauzalishi kodi. Mapato yako yalikuwa yanatozwa kodi hata kabla hujafikiria jina. Kama umeajiriwa, mwajiri anakukata PAYE kwenye mshahara, lakini pesa ya picha ni mapato mengine na yanaingia kwenye ritani yako ya mwaka, mwisho tarehe 30 Juni. Elfu 15 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka. Hapo unatoa gharama, yaani nauli, taa, mpiga picha wa pili na matengenezo, na kinachobaki ndicho kinachotozwa.

TOT, ile kodi ya 3% ya mauzo, inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza Julai 2023. Inalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na inatozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Kwa ile harusi ya 40,000 aliyoieleza dada, TOT ni 1,200 hata kama ulirudi nyumbani na hasara. Mwenye gharama nyingi anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA achague njia ya kawaida ya kodi ya mapato. Tena TOT haigusi ada za kitaaluma. Kwa hiyo kama wateja wako ni mashirika yanayokulipa kama mtaalamu, kaa na mhasibu kabla ya kujiandikisha TOT. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iwe mbali na mawazo yako hadi mauzo yafike milioni 5 kwa mwaka.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Elfu 15 zako zinahitaji daftari kuliko milioni ya mtu mwingine, kwa sababu kikipotea kidogo umebaki bila kitu.

---

Kijana_wa_Roysambu

Asante mkubwa. Kumbe naruhusiwa kutoa gharama. Hilo sikulijua.

---

Daftari_Safi

Unaruhusiwa, lakini kuna sharti. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kupunguza kodi, isipokuwa vitu vichache vilivyosamehewa. Ukimlipa mpiga picha wa pili 8,000 mkononi bila ankara yake, kwa KRA hiyo 8,000 ni faida yako.

---

Ununuzi_Westlands

Hapo kwa eTIMS naomba niingie, kwa sababu niko upande wa pili wa meza. Nafanya ununuzi kwenye shirika moja hapa Westlands. Tuna warsha, ziara za mashinani, ripoti za mwaka, zote zinahitaji picha. Nawajua vijana wenye jicho zuri ajabu na siwezi kuwapa kazi. Siwachukii. Bila ankara ya eTIMS, malipo yao kwetu yanakuwa gharama isiyotambulika, na mkaguzi atakuja kuniuliza mimi.

Watu wanadhani kuanza eTIMS ni lazima ununue mashine. Si lazima. Kuna eTIMS Lite kwa wafanyabiashara wadogo, na unaweza hata kutumia simu ya kubonyeza kupitia *222#. Mpiga picha mmoja tuliyekaa naye ofisini kwetu alitoa ankara yake ya kwanza chai haijapoa.

La pili: tukikulipa 24,000 au zaidi kwa mwezi kama ada ya kitaaluma tutakukata 5% ya kodi ya zuio. Usituone wezi. Ile 5% tunaipeleka KRA kwa PIN yako na unapata cheti chake kwenye iTax, tovuti ya KRA. Mwisho wa mwaka unakitumia kupunguza kodi unayodaiwa. Inaniuma kuona watu wanaacha vyeti hivyo bila kuvidai, na ni pesa yao.

Na mkishasajili, vijana, akina dada na walemavu, ombeni cheti cha AGPO. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa ninyi. Wizara na kaunti zinapigwa picha kila siku, na kazi hizo zinapewa watu wenye karatasi.

---

Lenzi_ya_Donholm

Ununuzi, ubarikiwe. Huu ndio upande ambao wapiga picha hatuusikii. Tunadhani tulinyimwa kazi kwa sababu ya mtu fulani kujuana na mtu fulani, kumbe ankara.

---

Roli_ya_36

Wanangu, salamu. Mimi ni wa zamani, nimepiga picha Uhuru Park na pale kwenye jengo la KICC tangu enzi za filamu. Watoto wangu ndio walionionyesha uzi huu.

Nawasikia mkizungumzia mkataba kama jambo jipya. Sisi tulikuwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Familia imetoka Kakamega kuja kuona jiji, inataka picha na jengo nyuma yao. Unawapanga, baba katikati, mtoto mdogo mbele, unapiga moja, na kama mama amefumba macho unapiga ya pili kwa hasara yako, kwa sababu roli ina 36 tu. Wanalipa nusu. Unaandika jina, namba ya fremu, siku ya kuchukua, na kiasi kilichobaki. Nakala ya juu wanaondoka nayo, ya chini inabaki kitabuni. Wengine waliondoka na basi la usiku, basi unaandika anwani ya posta na unatuma kwa barua. Mtu alikuwa anamwachia mgeni kabisa pesa yake, akaenda zake Kakamega, akiwa na kikaratasi tu mkononi. Usipotuma hata picha moja, habari inafika kwa wenzako wote uwanjani na hakuna atakayesimama karibu nawe.

Kwa hiyo namuunga mkono binti. Biashara yetu ilikuwa ndani ya kitabu kile. Leseni ya jiji tulilipa, ndiyo, lakini mteja hakuwahi kuuliza leseni. Aliuliza risiti.

Naongeza jina moja mlijue. Mohamed Amin, mpiga picha, mtoto wa Nairobi, alianzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963 akiwa bado kijana mdogo sana. Picha zake na za wenzake wa njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Watu wanakumbuka ujasiri wake, na mimi nataka mkumbuke kwamba alikuwa na kampuni. Kazi yake imetunzwa na inajulikana ni ya nani.

---

Lenzi_ya_Donholm

Mzee wetu, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili. Hicho kitabu cha kaboni natamani kila anayeanza akione.

---

Mwalimu_Kayole

Naomba kuuliza. Shule yetu inamwita kijana mmoja kila mwaka kupiga picha za watoto wa PP2 (chekechea) wakihitimu. Ni mzuri, bei yake ni nafuu. Lakini usiku uleule zinakuwa Facebook, sura za watoto wote na jina la shule. Wazazi wengine wanapenda, wengine wamelalamika. Ni haki yake?

---

Lenzi_ya_Donholm

Mwalimu, si haki yake, na shule pia iko hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kuwa data yake, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo klabu moja hapa jijini ilitozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mtu aliyekuja kujiburudisha. Hebu fikiria mpiga picha wa wikendi akipokea barua kama hiyo.

Kijana wako akitaka kufanya kazi na shule kwa heshima, aandae fomu fupi, mzazi aweke alama: picha zitolewe kwa familia tu, au zinaweza kuonyeshwa. Watoto ambao wazazi hawakukubali, picha zao zinapelekwa kwa kiungo cha faragha au kuchapishwa. Biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida imesamehewa kujiandikisha kwa Kamishna, lakini haijasamehewa kuomba idhini. Hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Na picha za watoto zikae kwenye diski mbili, moja isiwe nyumba moja na nyingine.

---

Anga_Syokimau

Nyongeza ndogo kwa wanaotaka kuongeza droni kwenye harusi: kanuni za 2020 za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, zinataka kibali na rubani mwenye leseni. Usiirushe kwa sababu tu bwana harusi ameomba. Ajiri rubani mwenye leseni, umuweke kwenye kwotesheni.

---

Mke_wa_Mpiga_Picha

Sijui kama hapa ni mahali pake. Mume wangu alikuwa akiamka Jumapili saa kumi na moja kwenda kupiga picha za matatu zikitoka stejini na taa zake, bila kulipwa na mtu, anarudi akiwa na furaha ya mtoto. Tangu asajili, kamera inatoka kwenye begi kazi ikiwepo tu. Pesa inasaidia nyumbani, sikatai, karo inalipwa. Lakini ile furaha naitafuta. Ninyi mnafanyaje?

---

Lenzi_ya_Donholm

Dada, hapa ndipo mahali pake hasa, na nashukuru umeuliza.

Nimeliona kwa wenzangu wengi. Mtu akishaanza kulipwa, kila picha anaipima kwa jicho la mteja, na jicho lake mwenyewe linalala. Mimi nina lenzi moja ya 50mm ambayo siibebi kwenye kazi ya mteja kamwe. Ni ya mtaa, ya jirani yangu anayeuza mahindi, ya mvua ya Aprili Jogoo Road. Picha zake siziuzi na siziweki kwenye ukurasa wa biashara. Bei zangu zimepangwa hivi kwamba naweza kukataa kazi ya Jumapili, na hiyo nayo ni hesabu, maana anayelipisha bei ya chini lazima ajaze kila siku ya wiki ili afike.

Mwambie mumeo arudishe Jumapili moja kwa mwezi kwa matatu zake. Aiandike kwenye kalenda ya biashara, kama ambavyo angeiandika harusi. Mteja akiomba tarehe hiyo, jibu ni kwamba imeshikwa.

---

Roli_ya_36

Binti, hapo umesema kweli tupu. Mimi nina boksi la picha za marehemu mama yangu akipeta mchele. Hakuna aliyenilipa.

---

Kijana_wa_Roysambu

Nina swali la mwisho. Nifanyeje na mteja aliyekataa kumalizia? Nimempa picha zote, amebakisha 18,000, simu hashiki.

---

Daftari_Safi

Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi pale Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji makubaliano, rekodi ya M-Pesa, na ujumbe wa WhatsApp mliokubaliana. Mwandikie kwanza barua ya kudai, mpe siku saba. Mara nyingi barua peke yake inatosha.

---

Kijana_wa_Roysambu

Makubaliano tuliongea tu kwa simu.

---

Lenzi_ya_Donholm

Basi leo hii mtumie ujumbe wa WhatsApp wa heshima: "Habari, nakukumbusha salio la 18,000 la picha za tarehe fulani nilizokukabidhi tarehe fulani." Akijibu hata "nitatuma Ijumaa," amekiri deni kwa maandishi. Hifadhi ujumbe huo, usiufute, usibadilishe simu bila kuuhamisha.

Na kwa kazi zijazo: onyesha picha kwanza zikiwa ndogo na zenye alama, salio likiingia kwenye till ndipo kubwa zinatoka. Liandike hivyo kwenye makubaliano ili mteja asione umemgeuka.

Ulisema una harusi ya Desemba na umeshapokea depo. Desemba ndiyo pesa, Januari ni Njaanuari, na ukichelewa hadi msimu uanze hutapata nafasi ya kukaa na karatasi. Kwa hiyo wiki hii waandikie maharusi wale makubaliano hata kama depo ilishaingia, waambie unaweka kazi yako sawa, na kutana nao ana kwa ana mkiyapitia. Mgahawa wowote pale Thika Road Mall unafaa. Fungua till. Jumatatu ingia eCitizen uangalie kama jina lako bado liko wazi. Nitumie rasimu yako hapa ukiwa umeondoa majina ya wateja, tuisome pamoja.